Mwaka Waliosema Gari ni Zima

Mwezi uliopita tulimzika Mama Deo, hapa hapa Songea, pembeni ya kaburi la mwanawe. Sisi Waislamu tuliokwenda tulisimama nyuma kidogo wakati padri akisoma sala zake, kama adabu inavyotaka, lakini mume wangu Rashidi hakusimama nyuma. Siku hizi ni mzee wa fimbo. Alikwenda mbele akaomba koleo, vijana wakamwambia, "Babu, pumzika, tutamalizia sisi," naye akalishika hilo koleo hadi wakamwachia. Akatupa udongo polepole, akipumzika kila baada ya muda, na hakuna aliyemharakisha. Wakati wa kurudi tulipewa lifti, na kila gari lilipoanza kuteremka niliuona mguu wake wa kulia ukikandamiza sakafu, mahali ambapo hakuna pedali yoyote. Mwanamke mmoja aliyekaa nyuma akacheka, "Babu anafunga breki." Watu wakacheka pamoja naye, bila ubaya. Rashidi hakucheka, nami nikageuka kutazama dirishani. Tangu siku hiyo mwaka mmoja wa ujana wetu umekuwa ukinijia nikiwa napepeta mchele, nikiwa nafundisha wasichana msahafu, hata nikiwa kwenye mswala, na nimeona niuandike wakati bado nakumbuka nani alisema nini.

Tulikuwa tumepanga chumba mtaa wa Mfaranyaki, katika nyumba ya matofali ya kuchoma yenye korido katikati na vyumba pande zote mbili. Chumba chetu kilikuwa na kitanda, kabati la vyombo, na pazia la kitenge lililotenga upande wa wageni. Zuhura wetu alikuwa bado ananyonya. Mlango unaotazamana na wetu ulikuwa wa Mama Deo, mjane, Mngoni, mkatoliki wa kwenda misa kila asubuhi, aliyekaa na mwanawe wa pekee, Deo. Mimi nilikuwa nimetoka Tunduru kuolewa, sijui mtu, na yule mama ndiye aliyenionyesha wapi pa kununua dagaa wa Nyasa wasio na mchanga, namna ya kufunika makaa yasizimike kwa ule ubaridi wa Songea wa mwezi wa sita, na jinsi ya kupika togwa isiyochacha mapema. Tulipikia uani, jiko lake na langu yamepakana. Nyuma ya uzio wa mabanzi kulikuwa na kiwanja cha mafundi wa magari, na dirisha letu lilitazama huko. Kwa hiyo mambo mengi ya mwaka ule niliyasikia tu, nikiwa nasonga ugali au nikimbembeleza mtoto. Nilikuwa mtu wa kusikia. Sikuwa na neno la kuongeza kwenye mambo ya magari, na hakuna aliyeniuliza.

Rashidi alikuwa dereva wa kibasi cha Mama Haule, mfanyabiashara wa sokoni, kilichopeleka abiria Mbinga na kurudi. Deo alikuwa konda wake. Alikuwa na leseni, na siku moja moja Rashidi alimwachia usukani kwenye sehemu za tambarare, apate uzoefu. Walikuwa kama ndugu. Deo aliniita shemeji, akinidai kila jioni ukoko wa wali.

Wakati wa masika, siku moja Rashidi alirudi akaketi kwenye mkeka, nikamwekea ugali na kisamvu, na nikaona mkono wake hauwezi kufinyanga tonge. Nikamuuliza kama ana homa. Akasema hapana. Njia ya Mbinga ina mteremko mmoja mrefu, na chini yake kuna kona inayokwenda kuangukia darajani. Alipofika pale alikanyaga breki huku anakata kona, na usukani na breki vikamgomea vyote kwa wakati mmoja. Si kwamba breki zilikatika. Pedali iligeuka ngumu kama jiwe, usukani nao ukawa mzito kama wa lori lililozimika. Alisimama kwa miguu yote miwili juu ya pedali na kuuvuta usukani kwa kifua, na gari likapita. Baada ya daraja kila kitu kikarudi kama kawaida. "Abiria hawakujua," alisema. "Walikuwa wanaimba."

Gari lilipelekwa kwa mafundi jioni ile ile. Hapa sina budi kueleza utaratibu wa kiwanja kile, kwa sababu shida yetu ilijificha ndani ya utaratibu, na ulikuwa utaratibu mzuri. Gari likija limetoka safari halikuguswa. "Lipoe kwanza," ndilo lilikuwa neno. Injini ya moto inaunguza mikono, na fundi mwenye pupa ni fundi mbaya. Lililala pale, na asubuhi, baada ya chai na mihogo, ndipo lilipofunguliwa. Halafu kila fundi alikuwa na sehemu yake. Upande wa geti alikaa Fundi Mapunda, Mngoni mwenye sauti kubwa, fundi wa breki. Upande wa pili, chini ya turubai, alikaa Fundi Saidi, mtu wa maneno machache, fundi wa usukani. Waliheshimiana sana. Mapunda kugusa usukani, au Saidi kugusa breki, ingekuwa kama mtu kuingia jikoni kwa mwenzake na kufunua sufuria.

Asubuhi ile nilimsikia Mapunda akipima. Alikaa kwenye kiti, injini imezimwa, akakanyaga pedali mara nyingi hadi ikawa ngumu, akaishikilia hivyo hivyo na mguu, kisha akasema, "Washa." Gari likawaka. "Haya, umeona? Imezama kidogo, halafu imenisukuma mguu. Busta inasaidia. Breki zako zinapumua kama mtoto mchanga." Busta ndicho kile kifaa kinachoongezea nguvu mguu wa dereva, hilo nilikuja kulijua baadaye.

"Mimi sijasema haipumui hapa," Rashidi akajibu. "Nasema kule kwenye mteremko."

"Mtani, ninyi Wayao kwenu Tunduru ni tambarare tupu, mikorosho na mchanga. Ukiona kilima unadhani dunia imepinduka. Si breki iliyokuwa ngumu, ni moyo wako uliokuwa laini."

Kiwanja kizima kikaangua kicheko. Mngoni na Myao ni watani, na mtani hakasirikiwi, ndiyo sheria. Rashidi naye ikambidi acheke, akamjibu kwamba Wangoni walikimbia kutoka kusini mwa Afrika hadi hapa bila breki, ndiyo maana hawajui umuhimu wake. Wakacheka tena. Na kila mara ikawa hivyo. Alikwenda na hofu yake mkononi, ikapokelewa kama utani, akarudi nayo nyumbani.

Fundi Saidi naye alipima kwa upande wake. Aliwasha gari, akaangalia mafuta mekundu ya usukani kwenye kikopo chake kama yana povu au harufu ya kuungua, akausogeza usukani hadi mwisho wa kushoto na mwisho wa kulia kwa kidole kimoja. Akatikisa kichwa. "Ni zima," alisema. Hata hivyo akabadilisha mpira wa mafuta uliokuwa unatokwa jasho na kukaza mkanda. Mapunda akatoa upepo kwenye breki na kuweka viatu vipya. Gari likaenda vizuri kwa siku kadhaa, tukashukuru, kisha likarudia. Ikawa ndiyo hali yetu miezi yote iliyofuata: linaletwa jioni, linapoa, linapimwa asubuhi, linaonekana zima, linakwenda, linarudia. Si kila safari. Lingekuwa la kila safari lisingeweza kujificha.

Mama Haule hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili kwa sababu watu wakisikia kisa hiki hutaka awepo mtu mbaya. Alikuja siku moja baada ya alasiri, akavua viatu mlangoni kwetu ingawa nilimwambia apite navyo, akaketi kwenye kigoda. Nikampa togwa. Akamwambia mume wangu, "Baba Zuhura, mimi gari silijui, najua mchele na maharage. Nimewauliza mafundi wawili, na wote wanasema ni zima. Niamini nani?"

"Waamini wao, mama. Lakini na mimi niamini."

"Nikuamini vipi wakati siwezi kuona? Sikiliza. Kama umechoka, au kama njia ile inakutisha, hakuna aibu. Sema, nitafute dereva mwingine, nawe nikutafutie kazi ya kukaa dukani."

Rashidi akamshukuru. Akasema ataendelea. Mama Haule alipoondoka nilimuuliza kwa nini hakukubali, maana mimi moyo wangu ulikuwa umeshahamia kwenye lile duka. Akanijibu kwa sauti ya chini, kwa sababu mtoto alikuwa amelala: "Nikiliacha halitalala kiwanjani. Atapewa mwingine, na huyo mwingine hajui. Mimi nimeshaijua tabia yake. Nikifika pale juu nafunga breki kabla, naachia, ndipo nakata kona. Sifanyi vyote viwili kwa pamoja." Niliyosoma chuoni, kwenye Kurani, yaliniambia kwamba huyu mtu anasema sawa. Tumbo langu liliniambia kwamba atakufa.

Wasiojua husema kutawakali, kumwachia Mungu, ni kukaa tu. Mimi niliona kwamba ni kazi ngumu kuliko kutwanga. Kila alfajiri baada ya swala nilimfungia chakula, nikamsindikiza mpaka korido, na Mama Deo naye alikuwa akimsindikiza Deo kwa ishara ya msalaba kwenye paji la uso, kijana mkubwa yule akiinama ili mama amfikie. Tukabaki sisi wawili uani. Tulichambua maharage, tukazungumza habari za bei na za mtoto, na hatukuzungumza habari za mteremko hata siku moja, ingawa yeye pia alikuwa akisikia yanayosemwa nyuma ya uzio. Ilipokaribia alasiri mazungumzo yetu yalikatika yenyewe. Tukawa tunasikiliza. Mlio wa kile kibasi kikipanda kutoka barabarani tuliujua sote, na ulipofika mmoja wetu alisema, "Haya, tuongeze maji ya ugali." Leo nikijiuliza ni kitu gani nilikifanya mwaka ule kumlinda mume wangu, jibu ni hilo: niliongeza maji ya ugali. Na dua. Mengine yote yalikuwa mikononi mwa watu waliofanya kazi yao kwa uaminifu wasione kitu.

Kiangazi kilipoanza Rashidi alishikwa na malaria, ile inayomlaza mtu kama gogo. Mama Haule alimpa Deo gari. Hapakuwa na lingine la kufanya. Abiria walikuwa wameshafika stendi. Deo aliingia chumbani kwetu kuchukua funguo, amevaa shati safi, amefurahi na anaona haya kufurahi mbele ya mgonjwa. Rashidi alijitahidi kukaa kitandani. Alikuwa anatweta.

"Deo, nisikilize. Pale kwenye kona ya daraja, breki kwanza. Kanyaga, punguza, achia. Ndipo ukate kona. Usifanye vyote pamoja, umenielewa?"

"Nimeelewa, kaka. Umeniambia mara ngapi?"

"Rudia."

"Breki kwanza, naachia, nakata kona. Nikifika chini nitakutumia salamu kwa honi, wasikie hadi huku." Akanigeukia. "Shemeji, ukoko wangu usiuguse."

Mama yake alimwekea msalaba kwenye paji la uso. Akaenda.

Habari zilikuja kabla ya alasiri, zikaletwa na abiria mmoja aliyefungwa kitambaa mkononi. Deo alifanya kama alivyoambiwa. Alipunguza kabla ya kona, akaachia, akaanza kukata, na hapo hapo akatokea mtu wa baiskeli amebeba magunia ya mkaa, yuko katikati ya barabara. Hakuna binadamu anayeweza kumwona mtu mbele yake asikanyage breki. Akakanyaga huku anakata. Usukani ukagoma, pedali ikagoma. Kushoto kulikuwa korongo, kulia kilima, na dereva hukaa kulia. Deo alilivuta gari kulia, kwenye kilima. Abiria walivunjika mikono na mbavu, wote wakapona. Mtu wa baiskeli hakuguswa. Deo hakufika hospitali.

Niliposikia jina lake, kabla sijajua ninachosema, kinywa changu kilikuwa kimeshamshukuru Mungu kwamba si Rashidi aliyekuwa kwenye usukani siku ile. Kilio cha Mama Deo kilianza korido wakati huo huo. Nikatoka kumshika, tukaanguka wote wawili sakafuni.

Baada ya mazishi, polisi walipomaliza kazi yao, gari lilivutwa hadi kiwanjani. Upande wa dereva ulikuwa umekunjwa, mlango haupo, kiti kimeng'olewa. Injini ilikuwa nzima lakini staata ilikuwa imekufa, hivyo walilisukuma vijana hadi likawaka, na wakaogopa kulizima. Likaachwa linanguruma wakati mafundi wanakula. Nilikuwa nimewapelekea chakula mwenyewe, wali na maharage, kwa sababu Rashidi alitaka kuwe na mtu wa kwetu pale. Walipomaliza walitaka kulisogeza kutoka getini. Bila kiti hapakuwa na mtu mmoja anayeweza kushika usukani na kufikia pedali. Kwa hiyo Saidi alisimama pale mlango ulipokuwa, akashika usukani kutoka nje, na Mapunda akapiga magoti sakafuni, mikono yake miwili juu ya pedali ya breki.

"Kata kulia, Saidi."

"Shikilia breki, tuko kwenye mteremko."

"Nimeshikilia. Kata."

"Nakata." Usukani haukusogea. "Mapunda, achia hiyo breki."

"Kwa nini?"

"Achia kwanza." Mapunda akaachia. Usukani ukazunguka. "Kandamiza tena." Usukani ukasimama kama umefungwa kamba.

"Saidi," Mapunda akasema akiwa bado amepiga magoti, na sauti yake kubwa haikuwepo, "huku nako ni jiwe."

Walirudia, na wakarudia tena. Hakuna aliyecheka. Fundi Saidi ndiye aliyekuja kumweleza mume wangu, akinyoosha maneno kama anayetoa ushahidi. Katika magari ya aina ile pampu ni moja. Mafuta yale yale mekundu yanayosaidia usukani ndiyo yanayokwenda kuisaidia busta ya breki. Pampu ilikuwa imechoka ndani. Gari likiwa baridi mafuta ni mazito, pampu inajitahidi, na ukimpima mmoja peke yake anashiba. Likipata moto mafuta yanakuwa mepesi kama maji, na wawili wakiomba kwa wakati mmoja, hakuna anayepata. Mapunda alijua busta yake inalishwa na bomba linalotoka kwa Saidi. Saidi alijua bomba lake linaendelea hadi kwa Mapunda. Lakini kila mmoja alimwachia mwenzake sehemu yake kwa heshima, na wote wawili waliliacha gari lipoe.

Mapunda alikuja peke yake jioni. Alisimama kwenye pazia la kitenge, kofia mkononi. "Mtani," alisema, "leo nimekuja bila utani."

Rashidi alimtazama kutoka kitandani. "Ungekuja nao ingekuwa afadhali," akasema. "Kaa." Mapunda akakaa hadi giza lilipoingia, nikaleta taa.

Rashidi hakuendesha tena. Mama Haule alimpa ile kazi ya dukani, akaifanya hadi uzee. Mimi nilibaki na kitu changu ambacho sikuwa na mahali pa kukiweka. Nilikuwa na mume. Kila aliponiomba maji, kila alipokohoa, moyo wangu ulishukuru, na ng'ambo ya korido kulikuwa na mwanamke anayetandika kitanda kisicholaliwa. Nikawa nashukuru kama mtu anayekula mchana wa Ramadhani. Nilipokuwa naye uani nilimwita Rashidi kwa sauti ndogo, na akitoka nje nilitamani arudi ndani asionekane.

Baada ya misa ya arobaini tulikuwa uani, sisi wawili, majiko yetu yanawaka. Akasema bila kuacha kuchambua mboga, "Mama Zuhura, siku ile uliposikia ni Deo, ulimshukuru Mungu."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Hata mimi ningemshukuru," alisema. "Angekuwa Rashidi, ningepiga magoti pale pale korido." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Kwa hiyo usimfiche mumeo. Mwite kama zamani. Mwite aje ale, chakula kinapoa."

Nikamwita. Mara ya kwanza sauti haikutoka, na yule mama akanisubiri nijaribu tena.